Nyumba ipishe maji, isimkimbie jirani

Masika yakikaribia, katika mitaa ya bondeni Dar es Salaam fundi huitwa kwa kazi moja: kuinua. Sakafu inainuliwa, kizingiti cha mlango kinainuliwa, choo kinapandishwa ngazi tatu, na chini ya geti zinaongezwa tofali za kuzuia maji. Kila mwenye nyumba huinua kadiri ya mfuko wake. Miaka ikipita mtaa unabadilika sura. Baraza ya mbele imevunjwa ili nafasi yake ichukuliwe na ukuta, mlango uliokuwa wazi umejificha nyuma ya kizingiti cha kiunoni, na kile kinjia walichokaa watu jioni kimegeuka mfereji. Maji nayo hayajapungua hata ndoo moja. Yamehamia kwa yule ambaye hakupata fedha za kuinua.

Kujenga nyumba inayostahimili mafuriko na kujenga nyumba inayowavuta watu kukaa nje pamoja huonekana kuwa kazi mbili tofauti. Ya kwanza wanapewa wahandisi. Ya pili inaachwa ijitokeze yenyewe, na kwa kawaida haijitokezi. Mimi naziona ni kazi moja, na bonde la mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, linaonyesha kwa nini.

Kwanza tuulize ni maji gani, kwa sababu neno "mafuriko" linabeba vitu vinne visivyofanana. Yapo maji ya mto unaotoka kwenye mkondo wake: Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea vijito njiani, kisha unashuka hadi Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Yapo maji ya mvua iliyonyesha papo hapo juu ya mabati na lami, yakakosa pa kwenda. Haya humkuta hata mtu anayeishi mbali na mto. Yapo maji ya ardhini, yanayopanda kimyakimya kupitia sakafu na shimo la choo. Na yapo maji ya bahari: wakati wa bamvua, siku za maji makubwa ya bahari, bahari ya Dar es Salaam hupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, na mvua kubwa ikikutana na bamvua mto hukosa mlango wa kutokea na kurudi nyuma.

Kila maji yana dawa yake. Maji yanayopita kwa kasi hayana dawa ya usanifu kwa mtu wa kipato cha kawaida. Kina cha sentimita 15 tu, yakienda mbio, kinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba gari. Yanachimba udongo chini ya msingi hadi nyumba inabaki imening'inia, kisha inakaa upande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ingawa mita hizo hazipimi hatari ya kila mahali kwa usahihi, wazo lake ni la kweli: pale mto unapopita, nyumba isiwepo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Waliookolewa kutoka mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji, na baadhi yao waliuza viwanja hivyo wakarudi. Wengi wetu tuliwaita wakaidi. Lakini kule walikopelekwa hakukuwa na soko la Ilala asubuhi, wala yule jirani anayekulelea mtoto ukienda kazini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za kuendeleza bonde hilo: kupanua mkondo, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuhamisha kwa fidia walio chini kabisa. Kazi hiyo ni ya mto wenyewe. Ninachokizungumzia hapa ni zile nyumba nyingi zaidi zilizo pembeni, ambako maji hayapiti kwa kasi ila huja, yakasimama saa au siku, kisha yakaondoka.

Hapo ndipo ujenzi unaweza kusaidia, na hapo ndipo makosa mengi yanafanyika.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ukuta imara unazuia maji ya kina chochote. Tufanye hesabu kidogo. Maji yakisimama nje kwa kina cha mita 1 na ndani kukiwa kukavu, kila mita ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa uzito wa kilo 500 hivi. Ukuta wa chumba wenye mita 4 unabeba tani 2 zinazousukuma kutoka pembeni, na ukuta wa bloku haukujengwa kwa kazi hiyo; ulijengwa kubeba kenchi na bati kutoka juu. Kina kikiwa nusu mita, msukumo si nusu bali robo. Ndiyo maana kuzuia maji yasiingie, kwa ubao wa mlangoni uliokazwa vizuri na viroba vya mchanga, ni jambo la busara mpaka kwenye kina cha nusu mita au kidogo zaidi. Kupita hapo, nyumba iliyofungwa kabisa iko hatarini kuliko iliyofunguliwa. Maji yakiwa ndani na nje kwa usawa, hakuna msukumo. Kwa hiyo mahali panapofurika kwa kina kikubwa, fundi anayejua huacha matundu chini ya kuta zinazotazamana, ili maji yaingie taratibu na yatoke yenyewe.

Ukishakubali kwamba maji yataingia, maswali yanabadilika. Hutauliza tena "nitayazuiaje?" bali "yakitoka, nitarudi ndani baada ya siku ngapi?" Sakafu ya saruji au ya vigae inaoshwa kwa fagio na kurudiwa kukaliwa. Kabati la mbao za kusaga linavimba na kutupwa. Soketi zikiwa mita 1.2 kutoka sakafuni badala ya sentimita 30, pengine hutahitaji kuita fundi umeme. Waya uteremke kutoka juu, usipande kutoka chini. Plasta ya chokaa, ile ya wazee wetu wa pwani, hupumua na kukauka, wakati plasta nzito ya saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta kwa miezi. Tofali za udongo za kufungamana ni nzuri kwa mazingira kwa sababu hazichomwi kwa kuni na zinatumia saruji kidogo, na utengenezaji wa saruji peke yake unachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu. Ila zisitumike chini ya mstari wa maji, yaani kimo ambacho mafuriko hufika. Hapo chini weka jiwe au bloku ya saruji iliyoiva, na za kufungamana zianzie juu yake.

Sasa tuje kwenye kuinua, kwa kuwa ndiyo kinga wanayoikimbilia wengi, na ni kinga ya kweli.

Tuseme maji ya masika mabaya yalifika sentimita 70 katika mtaa fulani. Unaweka sakafu kwenye sentimita 90. Hizo ni ngazi 6 za kawaida za sentimita 15. Kwa kijana si kitu. Kwa bibi mwenye magoti mabovu ni sababu ya kubaki ndani siku nzima. Ukitaka kumwekea mteremko wa kupita na kiti cha magurudumu kwa kipimo kinachokubalika, yaani kupanda 1 kwa kila 12, unahitaji karibu mita 11 za urefu, na kiwanja kizima kinaweza kuwa na mita 15 tu. Halafu kuna jambo la macho. Mtu aliyekaa kwenye kiti juu ya sakafu ya sentimita 90 ana macho yake kwenye mita 2 na ushee kutoka njiani. Mpita njia ana macho kwenye mita 1.5. Salamu inabidi ipande. Kwa sentimita 90 bado inafika. Nyumba ikiinuliwa mita 2 juu ya nguzo, watu hawasalimiani tena bali wanaitana, na wanaitana wakiwa na shida tu.

Wazee wa miji ya pwani walikwisha lishughulikia jambo hili, japo hawakuliandika. Tazama nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baraza ya mawe imeshikamana na ukuta wa mbele, kimo cha kukalia, na mara nyingi inaendelea kutoka nyumba moja hadi nyingine. Wakati wa kiangazi ni mahali pa kahawa, bao na habari za mji. Mvua kubwa ikinyesha na vichochoro vikawa mito, watu hupita juu ya baraza kutoka mlango hadi mlango bila kukanyaga maji. Jiwe lile lile ni kiti na ni daraja. Na kwa kuwa limejengwa mbele ya ukuta, linalinda chini ya ukuta usichimbwe na maji. Kiswahili chenyewe kililiona hilo: neno la benchi ya mlangoni ndilo tulilowapa mawaziri na wazee wanaoketi kuamua mambo.

Ukilichukua wazo hilo ukaliweka kwenye nyumba yetu ya sentimita 90, jibu linajitokeza lenyewe. Kimo cha kukaa vizuri ni sentimita 45. Mara mbili yake ni 90. Basi msingi usipande wima kama ukuta wa gereza. Upande kwa vipande viwili. Baraza ya chini, sentimita 45, yenye upana wa kutosha kukaa na kuweka sinia, inatazama njia. Baraza ya juu, sentimita 90, ndiyo usawa wa sakafu na mlango. Katikati, upande mmoja, zinapita ngazi. Aliyekaa baraza ya chini ana macho yake kwenye mita 1.2 hivi, karibu sawa na ya anayepita. Mafuriko madogo yanalowesha baraza ya chini tu, na baraza ya chini haina cha kuharibika. Zege au mawe yaliyotumika kuijenga ndiyo yaliyozuia msingi usichimbwe. Paa likitokeza mita 1 mbele, linakinga ukuta na mvua ya upepo na linatia kivuli pale pale watakapokaa watu saa kumi jioni. Gharama inaongezeka, sikatai, ila hailipii urembo. Inalipia kinga ya msingi, na kiti kinakuja juu yake.

Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni na Ilala, ile ya ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma, ina faida nyingine tunayoisahau. Ina nje mbili. Ya mbele ni ya mtaa, ya nyuma ni ya wanawake, wapangaji na jiko. Anayeinua nyumba hufikiria mlango wa mbele tu, kisha ua unabaki shimo linaloshika maji wiki nzima, na hapo ndipo panapopikwa, panapofuliwa na watoto wanapocheza.

Kuhusu jiko la nje nimejifunza mengi kutoka Pakistan. Yasmeen Lari, mwanamke wa kwanza kuwa msanifu majengo katika nchi hiyo, baada ya mafuriko makubwa ya 2010 alijikita katika kujenga na wanavijiji kwa mianzi, udongo na chokaa, vitu visivyohitaji saruji nyingi. Mojawapo ya kazi zake ni jiko la udongo na chokaa lililowekwa juu ya jukwaa lililoinuliwa, nje ya nyumba. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Makazi Duniani mwaka 2018. Jukwaa linaliepusha jiko na mafuriko, mpishi hainami chini kwenye moshi, na wanawake wanalipamba kwa mikono yao. Lakini kilichonigusa ni kwamba limekuwa mahali pa kuketi. Mgeni anakaribishwa hapo. Kitu kilichojengwa kwa ajili ya maji na moshi kimeupa ua heshima.

Bangladesh nako wana desturi ya siku nyingi: familia huchimba bwawa, na udongo wake ndio unaoinua uwanja ambao nyumba kadhaa zitajengwa kuuzunguka. Msanifu Marina Tabassum aliongezea hapo nyumba ndogo ya mianzi yenye viungo vya chuma, iitwayo Khudi Bari, ambayo hufunguliwa na kuhamishwa mto ukila ardhi, na ina dari ya juu ya kukimbilia maji yakija. Kinachoinuliwa kwa udongo wa bwawa ni uwanja wote, si nyumba moja. Sisi huku huleta lori la kifusi kuinua kiwanja cha mtu mmoja, na kile kifusi kinawapelekea maji wengine watatu.

Nguzo pia tunazijua. Wakulima wa bonde la Rufiji walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa mashambani, vya kulindia mpunga na kukalia mto ukijaa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia wengi kwenye nchi ya juu, na pamoja na kuhama, ufundi huo ukabaki wa shamba tu. Katika joto la pwani, chini ya nyumba ya nguzo ni kivuli kizuri: kinyozi anaweza kukaa hapo, fundi cherehani, watoto wa madrasa. Ila mjini nguzo zina adui mmoja, naye ni kodi ya chumba. Baada ya mwaka mmoja mwenye nyumba anaziba chini kwa bloku na kupangisha, na mpangaji huyo ndiye anayelala kwenye maji. Kama hamjakubaliana na majirani, na mwenye nyumba hajaona kwamba uvungu wazi unamfaa na yeye, msijenge kwa nguzo.

Nimefika kwenye lile ambalo kwangu ni kiini. Kinga ya mafuriko haigawanyiki kwa viwanja. Chukua mtaa wa nyumba 100, kila moja na paa la mita 100 za mraba. Mvua ya milimita 60, ambayo Dar es Salaam si ya ajabu wakati wa masika, inamwaga lita 600,000 kutoka kwenye mapaa peke yake. Zote zinaangukia njiani ndani ya saa chache. Kila nyumba ikiwa na gata na simtanki la lita 2,000, theluthi moja ya maji hayo haifiki njiani. Sharti matangi yawe matupu mvua inapoanza. Tangi lililojaa tangu juzi halikingi chochote. Mitaa ya juu yenye udongo wa kichanga inaweza pia kuzamisha maji kwenye mashimo ya kokoto. Bondeni mashimo hayo hayasaidii, kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu na juu. Kule inahitajika njia pana ya wazi. Kwa maneno mengine, anayeishi juu na kusakafia ua wote kwa pevingi anamjazia maji mtu wa mtaa wa Kigogo, kule bondeni, asiyemjua. Na anayeishi bondeni akiziba njia kwa fensi anamrudishia jirani wa ubavuni.

Ndiyo maana uwanja wa pamoja si anasa. Eneo la wazi lililoshushwa sentimita 30 kuliko nyumba, lenye ukubwa wa mita 20 kwa 20, linashika lita 120,000. Siku zaidi ya 300 kwa mwaka ni kiwanja cha chandimu, ni pa harusi, ni pa msiba, chini ya mkungu au mwarobaini. Siku chache linakuwa bwawa kwa niaba ya nyumba zote. Lakini litadumu tu kama watu wanalitumia. Uwanja usiokaliwa hugeuka jalala, jalala huziba mfereji, na mtaji wote wa saruji unaharibiwa na mifuko ya plastiki. Watu wakikaa nje kila jioni wanaona mfereji unavyojaa takataka, wanajua ni nani anayemwaga, na wanajua pia bibi yupi analala chumba cha nyuma na hawezi kutembea. Maji ya saa nane usiku yakija, ujuzi huo unafika kabla ya king'ora chochote.

Kuhusu choo nitasema wazi, kwa sababu mafuriko mijini yanaweza kuua hata baadaye, kwa kipindupindu. Wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao kwenye mkondo. Kinyesi hicho kinapita kwenye njia ile ile, juu ya baraza zile zile. Choo cha bondeni kiwe na shimo lililojengwa kwa bloku na kupigwa plasta, kinyanyuke juu ya mstari wa maji, na kifuniko chake kizibe. Gharama ikimshinda mmoja, nyumba tatu zijenge karo moja lililoinuliwa, mahali ambapo gari la kunyonya linaweza kufika. Bila hilo sioni maana ya kumkaribisha mtu kukaa nje.

Anayetaka kuanza asianze na fundi wala mchoro. Aanze na mstari wa maji. Kwenye kuta za mtaa wowote uliowahi kufurika bado ipo alama ya tope, na wazee wanakumbuka iliishia wapi mwaka gani. Mjumbe awaite watu wa nyumba zake kumi Jumapili asubuhi, waje na kile kimpira cheupe cha maji ambacho mafundi hupimia usawa. Hakiwezi kushikwa na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha yake kwenye alama ya ukuta wake, mwingine anavuta ncha ya pili hadi kwenye ukuta wa jirani, wanasubiri maji yatulie pande zote mbili, kisha wanapiga mstari wa chaki.